Maji ya Tanki Yaliyorudishwa Ziwani

Mdogo wangu Mwavita alikuwa amepiga magoti juu ya stuli, kichwa chote kimezama ndani ya tanki la samaki la bosi wetu, anakunywa. Namsikia kabisa anavyogugumia. Samaki hawakumkimbia. Walimzunguka mdomo kama kuku waliotupiwa mtama. Nilipopiga yowe, Mwavita hakuinua kichwa. Lakini kwenye kioo cha tanki kuna uso uligeuka ukanitazama, na uso ule haukuwa wa Mwavita.

Na ilikuwa mchana kweupe, jua linawaka, redio ya jirani inapiga muziki. Nani kakudanganya kwamba mambo haya huja usiku tu?

Utasema natunga. Mimi shule niliiachia darasa la nne, sina huo ufundi. Ningekuwa najua kutunga, ningetunga kisa ambacho mdogo wangu amepona. Sikiliza tu, na majina nitakayoyataja nayataja kwa makusudi.

Wa kwanza ni Semkiwa. Huyo ni ofisa aliyeletwa Kigoma kikazi, kwao Tanga. Alipanga nyumba nzuri Rusimbi, na sebuleni akaweka tanki la kioo refu kama jeneza, limejaa samaki wa baharini. Wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wa bluu, na kitu kimoja kama ua ambalo kumbe ni mnyama, linameza. Ziwa Tanganyika lote liko hapo chini, yeye anafuga samaki wa chumvi! Watu walikuwa wanakuja kuchungulia na kucheka. Mwavita, ambaye hakuna kitu alikuwa hakifanyii utani, alimuuliza siku ya kwanza, "Bosi, huyu wa bluu ukimkaanga si anatosha watu wawili?" Semkiwa hakucheka.

Sisi wawili kazi yetu ni migebuka, samaki wa ziwa hili. Tunanunua kwa wavuvi, tunapasua, tunatia chumvi, tunaanika. Mama yetu alifanya hivyo hivyo, na bibi. Nadhani ndiyo maana Semkiwa alitutafuta alipopata safari ndefu ya masomo nje ya nchi. Aliona wanawake hawa wanajua samaki na wanajua chumvi. Akatupa chumba cha uani, akatufundisha. Umeme ukikatika, kimbilieni betri, mashine ya hewa isilale. Maji yakipungua kwa joto, ongezeni maji matamu peke yake, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Kila baada ya muda toeni ndoo za maji ya zamani, mtie mapya: maji ya ziwa yaliyotulia kwenye pipa, mchanganye na chumvi ya bahari aliyoiacha kwenye ndoo. Ya Uvinza tunayotilia migebuka tusithubutu kuitia.

Hayo yote tulishika. Lakini na mimi nilikuwa na neno langu moja. Kwetu sisi tunaotia samaki chumvi, maji ya ziwa yakishatiwa chumvi hayarudi ziwani. Tunayamwaga juu, mbali na maji, kwenye majivu ya jiko. Sijawahi kumuona mama yangu akikosea hilo hata akiwa mgonjwa. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia, "Ziwa lina mwenyewe, na mwenyewe hanywi chumvi." Nilimwambia Semkiwa maneno hayo hayo, hapo hapo sebuleni.

Akatabasamu lile tabasamu la watu wa ofisini. "Mama, kwetu Tanga maji ya chumvi tunayarudisha baharini kila siku, na hajalalamika mtu."

"Hiyo ni bahari, bosi. Hili ni ziwa."

"Sawa, mama. Fanyeni mnavyojua."

Akaondoka. Tukafanya tunavyojua, na samaki wakanenepa.

Wa pili ni Kilugala, dereva wake. Huyo aliachiwa gari na funguo za geti, na akajiona ndiye mwenye nyumba. Maji tuliyokuwa tunamwaga kwenye jalala la majivu yalifika kwenye migomba ya uani, ikaanza kukauka. Kilugala akapiga picha akamtumia bosi. Simu ikapigwa, akaiweka sauti ya juu ili tusikie wote.

"Mnaniulia migomba ya watu!" Semkiwa anafoka. "Mwenye nyumba nitamwambia nini? Kilugala, hayo maji kayamwage ziwani. Wasikubabaishe."

"Bosi, tulishakwambia..." nikaanza.

"Mama, nimesema ziwani."

Basi Kilugala akaanza kuyabeba kwenye madumu. Sisi tuliomba tuyapeleke wenyewe kwenye jalala la mbali, hata kwa kichwa, akakataa, amri imetoka juu. Alirudi siku ile anapiga mluzi, madumu matupu. Nikamuuliza, "Umemwaga wapi?"

"Ziwani. Nyie wamama mnataka niwachoree ramani?"

Swali lile nililiuliza kwa sababu ya hofu tu. Leo ndilo swali la maisha yangu.

Haukupita muda mrefu. Jua lilikuwa limeshapita utosini, tunachambua mchele uani, mwanamke akaingia getini. Mtu mzima, kitenge kimelowa kuanzia kiunoni kwenda chini, na mvua haijanyesha. Midomo imepasuka, kwenye mipasuko kuna weupe kama wa migebuka yetu ikishakauka. Akatusalimia, "Mwakeye." Hiyo kwetu Waha ni salamu ya asubuhi.

Mwavita akacheka. "Karibu, mama. Kwako bado hakujapambazuka?"

Mgeni akausogelea mtungi. Akaomba maji. Mwavita akamchotea maji ya kisima mtungini, akampa kwa mikono miwili. Yule mwanamke akaonja, akayatema.

"Haya si yangu." Akanyoosha kidole kupitia mlangoni mpaka sebuleni. "Yangu ni yale."

"Yale ya samaki wa bosi, mama, yana chumvi."

"Nani kaitia?"

Wewe ungesema nini? Akasema tena, taratibu, kama mtu anayeumwa koo, "Aliyenimwagia anionyeshe aliponimwagia, yatolewe. Sina ugomvi na mwingine."

Kilugala alikuwa anaosha gari hatua chache kutoka pale. Alisikia kila neno, naapa. Nikamwita. "Kilugala, njoo umjibu huyu mama."

Akageuka na kitambaa chake. "Mama, una kiu? Nenda ziwani, lote lile halikutoshi?"

"Nimetoka huko," akasema.

Kilugala akampa mgongo, akaendelea kufuta kioo. Lakini mimi niliona anafuta pale pale palipokwisha kukauka. Alijua.

Mwavita akamhurumia. Hiyo ndiyo tabia yake, hawezi kumuona mtu amesimama juani. Akamshika mkono amsindikize getini. "Twende mama, nikutafutie hata soda." Wakatembea. Nikainama kwenye ungo, nikainua macho, namuona Mwavita yuko peke yake, mkono ameunyoosha pembeni, vidole vimefumba kama kashika mkono wa mtu. Nyuma yao alama za nyayo zilizolowa zinakauka kwenye saruji, na kila inayokauka inabaki nyeupe.

Akanigeukia. "Dada, nina kiu."

Kesho yake mchana ndipo nilipomkuta kwenye tanki. Nilimkamata nywele, nikatumbukiza mkono wa kulia nimnyanyue kidevu, na maji yale yakanishika. Sijui niseme vipi. Yalinishika kama mtu anavyoshika. Nilivuta mpaka tukaanguka wote sakafuni. Mwavita akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya yule mwanamke. "Mwambie anionyeshe."

Nilimwambia. Nilimpigia Kilugala magoti, mtu niliyemzidi umri. Akasema hakumwaga ziwani, alimwaga mtaroni. Nikamwambia nilimsikia mwenyewe akisema ziwani. Akasema nilisikia vibaya.

Semkiwa alirudi, akakuta samaki wake wote wazima. Akafurahi, akampongeza Kilugala mbele yetu kwa kutunza nyumba. Mwavita amekaa mlangoni kajifunika, bosi hakumuuliza hata "unaumwa nini?" Tulipomweleza, alisema tumpeleke hospitali. Tulimpeleka. Walipima sukari, walipima figo, wakasema hawaoni kitu.

Sasa tuko Ujiji. Mkono wangu huu wa kulia ngozi inabanduka magamba, wala hausikii moto. Hilo nimelizoea. Mwavita hanywi maji yasiyo na chumvi, akinywa anatapika, na hayo ya chumvi yanamkausha. Amepungua, amekauka, mbavu zinahesabika. Nimeanika samaki maisha yangu yote, najua kitu kikianikwa kinaishia wapi. Asubuhi anaamka ananisalimia mimi dada yake, "Mwakeye." Jioni pia, "Mwakeye." Utani umekwisha.

Wewe unayesoma, mgeni akikusalimia salamu ya saa isiyo yake, mpe maji lakini usimshike mkono. Na mtu akikukabidhi kitu chake kisha akadharau neno lako, mrudishie funguo siku hiyo hiyo.

Lakini kuonya watu hakumponyeshi Mwavita. Kilugala, nasikia uko Gungu unaendesha bodaboda. Ufuo wote kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji nimeuzunguka na ndoo nikionja maji kama kichaa. Siwezi kulionja ziwa zima. Wewe unajua ulisimama wapi na madumu yale. Na wewe Semkiwa, ulimpa amri ya kumwaga, basi mpe amri ya kusema. Sitaki radhi yenu. Nataka mje, mtembee mbele yangu, mnionyeshe kwa kidole: ni hapa.

Mje upesi. Midomo ya Mwavita imeanza kupasuka.