Taya Langu na Vidole vya Bibi

Gego langu la chini lilioza mpaka likavunjikia ndani. Daktari wa meno kule Singida mjini akanichoma sindano, akapasua ufizi, akalitoa vipande vipande, kisha akanishona nyuzi mbili. "Taya litakaza siku chache," aliniambia. "Litaachia lenyewe." Nikarudi kijijini shavu limevimba kama nimeficha kiazi.

Ulikuwa mwaka wa kwanza tangu tuhamie kijiji cha ujamaa. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na mvivu, sifichi. Kila asubuhi rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye ofisi ya kijiji iligongwa, watu wakaenda shamba la pamoja na majembe begani. Mimi nilibaki kwa bibi, mama yake baba, nimejilaza juu ya ngozi ya ng'ombe, nikinywa uji wa uwele wenye asali. Raha iliyoje! Ulimi tu ndio haukutulia. Ulikwenda kwenye shimo, ukapapasa nyuzi, ukarudi, ukaenda tena. Sikujua jino moja linaweza kuacha nafasi kubwa kiasi kile.

Bibi naye alikuwa na pengo lake. Meno mawili ya mbele, ya chini, aling'olewa akiwa binti, kama Wanyaturu wengi wa rika lake. Baba alikataa sisi wanawe tufanyiwe hivyo. Basi nikawa namchungulia bibi mdomoni akiongea, na yeye ananichungulia mimi.

"Walikushika wangapi?" aliniuliza.

"Hakuna aliyenishika, bibi. Sindano tu, pakafa ganzi."

"Ebo! Mimi walinikalia. Na jino lenyewe liko wapi?"

"Wamelitupa."

"Wamelitupa!" Akaguna, hakulipenda jambo hilo hata kidogo.

Kila asubuhi alinipima. "Haya, mke mwenzangu, fungua," alisema. Ndivyo alivyonitania, mimi mjukuu wake wa kike, kwa ajili ya babu. Siku ya kwanza hakikuingia hata kidole kimoja. Siku ya tatu kikaingia kimoja. Siku ya tano taya liliachia kabisa. Nilijaribu peke yangu, nikapiga mwayo mpaka masikio yakalia. Lakini rimu ilipogongwa nikakumbuka palizi ya mtama. Bibi alipokuja nikafungua kidogo tu, kidole kimoja. Kesho yake vilevile. Nikajiona mjanja kweli.

Siku ya saba aliketi jikoni anakoroga uji wangu, na mimi, kwa udadisi tu, nikamwuliza kwa nini wazee waling'oa yale meno. Ulikuwa urembo?

"Wengine husema urembo." Hakuniangalia. "Sisi tuliambiwa ni njia. Taya likifunga kwa ugonjwa, uji upate pa kupita." Akakoroga. "Mwanangu wa kwanza, kabla ya baba yako, alijikata mguu kwa jembe. Kidonda kikawa kinapona, taya likafunga. Alikuwa mdogo, hajang'olewa. Nilimmiminia maji, yakamteremka shingoni. Siku nne nilimmiminia. Na wewe leo ya saba, kidole kimoja, na pengo la mbele huna."

Ndipo nikaona kwamba tangu juzi alikuwa hali chakula. Aibu ilinishika, nikatamani ardhi inimeze.

"Bibi," nikasema, nikafungua mdomo wote.

Aliuacha mwiko. Akaingiza kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka kwenye fundo, vinanuka moshi. Nikangoja kofi. Nilistahili.

"Niume," akasema.

Nikauma kidogo.

"Niume sawasawa, mjinga wewe, nisikie!"

Nikamuuma kwa nguvu, naye akaangua kilio, vidole bado vimo mdomoni mwangu, akisema ahsante, ahsante.