Kuhesabu Kilimia Sebuleni

Nyumbani kwetu Malindi macho yalipimwa kwa Kilimia, lile fungu dogo la nyota zilizosongamana. Aliyezihesabu sita ndiye aliyepewa sindano atie uzi. Mama alizihesabu sita mpaka nywele zikaingia mvi. Baadaye zikawa nne, kisha akawa anaona ukungu tu. Daktari wa Kilifi alisema ni mtoto wa jicho, upasuaji wake mdogo, ila usicheleweshwe. Mama akakataa.

"Macho yangu mazima. Taa za hizi hoteli ndizo zilizoharibu nyota."

Sikuweza kumbishia sana, maana ni kweli taa huzififisha nyota.

Siku hizo nilikuwa nikicheza mchezo wa kompyuta wa kusafiri angani. Nyota nyingi humo ni za kubuni, lakini zile zilizo jirani na jua letu zimepangwa kwa vipimo vya kweli, kila moja mahali pake. Nilipogundua kwamba hata Kilimia kimo, nilipiga kelele peke yangu. Jumamosi moja baada ya Alasiri nikafunga mapazia, nikaunganisha kompyuta na runinga, nikamketisha Mama mbele.

Kwa pupa yangu nikakipeleka chombo moja kwa moja ndani ya Kilimia. Tulipofika, Kilimia hakipo: nyota moja ya buluu mbele, nyingine kushoto, nyingine tumeziacha nyuma.

"Maskini, umekivunja!" Mama akacheka.

Nikamweleza kwamba nyota hazikubandikwa ukutani. Hii iko karibu, ile mbali. Ni kama minazi: ukiwa barabarani waona kichaka kimoja, ukiingia shambani kila mnazi uko kivyake. Umbo tunalolijua ni la anayetazama kutoka kwetu.

"Basi turudi kwetu."

Nikakirudisha chombo karibu na dunia, nikakigeuza. Kilimia kikatulia katikati ya kioo, nyota sita waziwazi. Mama akasogeza kiti. Akafumba jicho moja, kisha la pili. Kidole chake kikaanza kuhesabu hewani, kikasimama.

"Runinga hii mbovu."

"Natazama hii hii, Mama, na mimi naona vizuri."

Akauliza polepole, "Na huko juu tulipo, kuna hoteli?"

"Hakuna."

"Wewe wahesabu ngapi?"

Nilitamani kusema nne. "Sita."

Akarudi nyuma kitini, akaupanga mtandio wake begani, akaupanga tena.

"Yule daktari hupasua siku gani?"

"Jumanne."

"Niandikishe. Lakini nikipona nitatoka uani nikahesabu za kwetu. Hizi zako za umeme sizitambui."

Nikaiacha runinga ikiwaka, nikaenda kuitafuta kadi yake ya kliniki. Niliporudi alikuwa bado amekielekea kioo, kidole kimeinuka, akijaribu upya kuanzia moja.