Sakafu Kavu ya Bwaise

Mzee Yosefu alipandishwa nyuma ya gari la jeshi birika la chai likiwa bado mkononi. Luteni Adibo akamnyang'anya, akanywa kwa mdomo wa birika, halafu akanigeukia.

"Na wewe iko nani?"

Sijafungua mdomo, mzee akajibu kule juu kwenye gari. "Huyo fundi ya rangi tu, afande. Hajui kitu. Najenga mimi peke yangu."

Gari likashika Barabara ya Bombo. Mimi nipo, naandika. Yeye hayupo.

Nirudi mwanzo sasa, maana ndugu wa Bungoma mliniomba habari ya safari nzima, na mnajua mkono wangu umezoea brashi, si kalamu.

Kanisani kwetu tuliambiwa wenzetu wa Kampala wamemaliza nyumba ya ibada, wanatafuta watu wa kujitolea kupaka rangi na kupokea wageni siku ya kuifungua. Watu wakatazama chini. Uganda ya Amini nani alitaka kwenda? Mimi mke alikuwa amefariki, hapakuwa na wa kunikataza. Sukari ilikuwa imepotea kule, kwa hiyo akina mama wakanifungia sukari na sabuni ndani ya blanketi.

Tororo, tulipovuka mpaka, askari walipekua treni. Mmoja akachota sukari, akalamba kiganja, akaniambia niende salama. Nikasema moyoni, kumbe wanatisha bure. Ujinga wangu huo.

Kampala nilipokewa na Mzee Yosefu, fundi cherehani, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Tukatembea hadi Bwaise. Bwaise ni bondeni. Mvua ikinyesha, maji yanaingia nyumbani bila hodi, masufuria yanaelea. Katikati ya tope lile nikaona nyumba ya ibada imekaa juu, sakafu yake inanifika kiunoni. Nikauliza waliinuaje.

"Beseni," akasema mkewe, Mama Robina. "Kila mtu na beseni yake ya udongo, kichwani."

Waislamu walibeba, Wakatoliki walibeba, hata Akello, mke wa askari, alitoka Mbuya kwenye nyumba za jeshi akabeba. Mvua ikija usiku, mtaa wote unahamishia watoto na magodoro pale, hakuna anayeulizwa dini. Nimepaka majumba ya matajiri mengi. Sijaona jengo lililonifanya nivue kofia kama lile.

Siku za rangi, mfanyabiashara mmoja alikuja mara mbili. Lameki Kavubu. Alikuwa wa magendo, saruji na chumvi, na bidhaa zake zilikuwa zinalowa mafuriko yale. Akataka sakafu yetu iwe ghala.

"Watoto watalala wapi, ssebo?" Mzee Yosefu akamwuliza, akimwita bwana kwa Kiganda.

"Kwani mimi niliwazaa?"

"Basi na saruji yako sikuizaa mimi."

Watu wakacheka. Lameki hakucheka. Akasema Luteni Adibo ni rafiki yake, tutaona.

Asubuhi ya kufungua niliwekwa mlangoni. Nikapaza sauti kwa Kiswahili changu cha nyumbani, "Karibuni, ingieni ndani!" Watu waliokuwa wanakuja wakageuka, wengine mbio. Sikuelewa. Mzee Yosefu akaja ameshika mbavu kwa kicheko.

"Ssebo, hapa mtu nasema Swahili ya nguvu hivyo ni askari nakuja kukamata. Wewe nafukuza watu kushinda shetani."

Mama Robina akaniamuru nifunge mdomo, nigawe vikombe tu na kutabasamu. Watu wakarudi mmoja mmoja. Sukari yenu, akina mama wa Bungoma, ilitosha kila mtu kuonja chai tamu. Bibi mmoja aliweka funda mdomoni akalishikilia, hataki kumeza. Waliimba mpaka mabati yakatetemeka. Kwa furaha ile nawashukuru hadi leo.

Mchana gari la jeshi likaja. Lameki alikuwa amekaa mbele, kando ya dereva, akaonyesha kwa kidole. Yaliyofuata nimeshayasema.

Jioni ile ile, akihofia askari watanirudia, Akello alinichukua. Akanificha Mbuya, katikati ya nyumba za askari, chini ya kitanda cha wanawe. "Hapa hawatafuti," akasema. "Nani natafuta mwizi nyumbani kwake mwenyewe?" Kulipokucha akanisindikiza hadi kwenye treni, akitembea mbele kama mke wa afande anayetumwa sokoni.

Nilirudi nyumbani nimejifunza kwamba watu wanaweza kuinua nchi kavu kwa beseni, na mtu mmoja akaiuza kwa kidole.

Serikali ile imeanguka. Adibo, nasikia, alivuka mpaka. Lakini Lameki Kavubu yuko Kasubi, Kampala kule kule, ana duka, ananenepa. Wazee wa kanisa mnaniambia nisamehe. Sawa. Ila Mama Robina anaulizia mumewe kila gereza, na hana hata kaburi la kupalilia. Lameki, uliketi kwenye gari lile. Unajua liliposimama. Nenda Bwaise mchana watu wakikuona, umwambie mama yule mlimpeleka mumewe wapi.