Bonde Nililosema Linafaa

Mji wa Kigoma nimeuchimba mimi. Sijisifu, nasema ukweli. Vyoo vya Ujiji, vya Mwanga, vya msikitini na vya misheni, mkono wangu umepita. Shule niliishia darasa la nne, nikaanza na sururu na ndoo. Miaka ile wakimbizi walipojaa, nyumba ya watu sita ikawa inalaza ishirini na mashimo yakafurika. Nikanunua gari la kunyonya majitaka. Kabla yangu hakuna mtu binafsi aliyekuwa nalo.

Ila gari likijaa, nikamwage wapi? Nilienda manispaa mara nyingi kuwaambia mji unahitaji mabwawa ya kusafishia majitaka, la sivyo yote yataishia ziwani tunakochota maji. "Tumekusikia, fundi," walinijibu, huku wameshika pua. Na suti nilikuwa nimevaa!

Kisha akaletwa mhandisi, kijana wa Moshi. Akabandika ramani ukutani, akasema maneno yangu yaleyale, wakampigia makofi. Wafadhili waliokuja kwa ajili ya wakimbizi wakaahidi kutoa fedha za mabwawa, mradi waridhike na eneo. Kijana akajifunza kuwaamkia bibi zetu kwa Kiha, "Mwakeye", wakacheka mpaka khanga zikawadondoka. Hata mke wangu, kwenye meza yangu, anakula wali wangu, akasema, "Yule kijana ana adabu. Tena ananukia vizuri." Nikaisukuma sahani, nikaenda kuosha gari.

Eneo alilochagua ni bonde lililo nyuma ya Bangwe. Alilipima kiangazi. Sisi wachimbaji hatupigi sururu mahali kabla ya kumuuliza mama mkazi wa hapo, masika vyura wanalia wapi. Pakiwa hapohapo, tunahama, maana maji yatapanda kutoka chini. Katika bonde lile vyura walilia hadi watu hawasikilizani. Nilijua. Na nilijua mwinuko mkavu kwenye njia ya Kidahwe, unaofaa kabisa.

Wageni wa fedha walipokuja kuona eneo, mhandisi aliniita mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wewe ndiye unayeijua ardhi ya huku. Bonde hili linafaa?"

Wote wakanigeukia. Kuulizwa mbele ya wakubwa nilikutamani miaka mingi. Lakini wao walikuwa kwenye viti, mimi nimesimama juani, na chini ya ramani yao lilikuwepo jina la mhandisi peke yake.

"Linafaa," nikasema. "Chimbeni muone."

Wakachimba. Pakavu, vumbi tupu. Mhandisi akanishika mkono kwa mikono yake miwili, wageni wakasema watarudi na mkataba.

Walirudi masika. Lile shimo la kupimia lilikuwa limejaa hadi ukingoni, vyura wamekaa pembeni kama wenye nyumba. Mgeni mmoja akachungulia, akafunga jalada lake. Fedha zikapelekwa mji mwingine, na mhandisi akapewa uhamisho.

Akaja kwangu kuaga. Nilitegemea matusi, na majibu nilikuwa nimeyaandaa.

"Mzee, nimekosea mimi," akasema. "Ningekuja kukuuliza hapa nyumbani, siyo kukubana mbele za watu. Najua ulinisitiri usiniaibishe."

Ningeweza kumwambia ukweli pale pale. Nikamwambia anywe chai, itapoa.

Akanywa, akamshukuru mke wangu, akaenda stesheni.

Mabwawa hayakujengwa miaka ile. Nikaongeza gari la pili, na la tatu, nikajenga nyumba ya ghorofa inayotazama ziwa. Sijui kama yeye alijenga hata kibanda. Lakini nikikaa barazani namfikiria kijana yule ndani ya behewa, ameegemea dirisha, amelala usingizi wa mtu asiyemdanganya yeyote. Namwonea wivu bado.