Jani la Isale Alilonipa Mama

Mimi ni mwalimu wa uraia. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu kwamba katiba yetu inakataza kazi ya shuruti, na ibara yenyewe naijua kwa kichwa. Nikifika kwenye usafirishaji haramu wa binadamu, darasa zima huwaza mbali: meli, pingu, wageni wenye suti. Nami nilikuwa nawaza huko huko.

Desemba ile nilipanda Uru kula Krismasi nyumbani kama Mchaga yeyote anayejiheshimu. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa inaisha Januari, na dada wa kazi aliyenisaidia kwangu mjini, mtaa wa Soweto, alikuwa ameondoka kwenda kuolewa. Ng'ambo ya mfereji, kwa jirani wa mama, kulikuwa na binti wa miaka kumi na miwili, mpole, anayejua kubeba mtoto. Wenyewe tunaijua Desemba: magari yanapanda na sukari na mafuta ya kupikia, yanashuka na ndizi, na mara nyingi na msichana kwenye kiti cha nyuma. Nilimpelekea jirani kitenge na sukari. Nikamwambia binti atasoma hapo mjini, jioni atanisaidia kidogo. Nani angekaa na mtoto asubuhi nikiwa darasani, sikujiuliza. Jirani alishukuru, tukapatana nishuke naye Jumapili baada ya ibada.

Jumamosi mama aliingia kutoka kihambani, kwenye migomba yetu, na jani la isale, lile tunalopanda mipakani. Kwetu ukimkosea mtu humwendei mikono mitupu. Unampelekea isale, na akishalipokea hana budi kukusamehe. Mama alinipa kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mwalimu," alisema. "Nimekuharibia mipango. Nimemwambia jirani binti yake asiende."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimuuliza ni nani sasa atamlea mjukuu wake, na kwa nini aniaibishe kwa majirani.

Alivuta kigoda akakaa. "Mimi nilichukuliwa hivyo hivyo. Shangazi alisema nitasoma Himo. Nilikuwa darasa la pili. Nimeosha vyombo kwenye hoteli yake mpaka nimekuwa mwanamke mzima. Mpaka leo hakuna aliyeniletea isale." Kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, "Mjukuu nitashuka kumlea mwenyewe."

Nilikuwa sijui. Nilichojua ni kwamba kanisani mama hukishika kitabu cha nyimbo wazi lakini huimba kwa kichwa. Tulikuwa tunamtania kwa hilo, mimi nikiongoza. Aibu iliyonishika siku ile bado naikumbuka, ila kinachonijaa zaidi ni shukrani. Sheria zote nilizofundisha zilikuwepo, na mimi mwenyewe nilizipita na gari langu kama kichaka cha njiani. Aliyenizuia ni mwanamke asiyeweza kuzisoma. Alishuka kweli, akakaa kwetu hadi Pasaka akilalamikia joto la mjini, na kila nikirudi kazini nilimkuta na mtoto mgongoni. Sijui nitamlipa nini.

Lakini Jumamosi ile kwanza nililichukua jani lile nikavuka mfereji. Isale hupewa mtu mzima, kwa hiyo nilipompa binti, mama yake alinitazama kama nimerukwa na akili. Nilimwomba mtoto msamaha kwa kutaka kumtoa shule aje kunilelea mwanangu. Aliligeuzageuza jani.

"Kwa hiyo nitoe vitu kwenye mfuko?" aliuliza.

Nikamwambia atoe. Aliuleta pale pale barazani, mfuko wa sandarusi uliofungwa kamba, akaanza kutoa. Lilitoka gauni moja. Vilivyobaki vyote vilikuwa madaftari, kalamu na rula. Alikuwa ameniamini.