Bakteria Wamekufa, Jicho Bado Linaliwa

Nakaa Pangani, hii ya Kibaha, kwa kaka yangu na mkewe Rehema. Nilisoma biolojia chuoni, nikahitimu, na tangu hapo nasubiri ajira. Kabla ya kuugua nilikuwa mzima wa mwili, ila kichwani sikuwa na raha. Kila jambo naligeuza na kuligeuza mpaka linapoteza sura. Hilo nalitaja mapema kwa sababu nusura linigharimu jicho la kulia.

Nilikwenda Kisarawe kumsaidia bibi kuvuna mahindi. Jani kavu likanikwangua jichoni. Nikafikicha, nikanawa kwa maji ya ndoo tuliyokuwa tunanawia mikono, tukaendelea na kazi. Asubuhi yake jicho lilikuwa jekundu, linatiririka machozi, kama limejaa mchanga.

"Shikamoo, bibi. Jicho linaniuma."

"Marahaba. Hebu tuone." Akalipanua kwa vidole. "Hili linataka maziwa ya mama. Wifi yako si ananyonyesha? Rudi Kibaha akukamulie."

Kwetu maziwa ya mama ni dawa ya macho. Hata mimi nilikamuliwa nikiwa mchanga. Mwingine angekubali, au angekataa. Mimi nikaanza kufikiri. Maziwa ya mama yana kinga. Lakini yana sukari pia, na bakteria wanapenda sukari. Lakini kama yanafaa tumbo la mtoto, yatashindwaje jicho? Nilifika Kibaha bila jibu, na kwa kuwa sikuwa na jibu, nikafanya alichosema bibi. Nikalala chali mkekani, Rehema akapiga magoti pembeni yangu na mwanawe begani.

"Fungua jicho, wifi. Na usizoee, mwenye titi lake anakutazama."

Tulicheka. Matone yakanipoza, nikaamini, tukaendelea hivyo.

Kisha ikafika asubuhi ambayo kope hazikufunguka. Zilikuwa zimegandana kwa usaha wa kijani. Nilizilainisha kwa maji ya vuguvugu, nikajitazama kwenye kioo: doa jeupe katikati ya jicho, palepale penye weusi. Mwanga wa dirishani ulinichoma hadi kisogoni. Nilipofumba la kushoto, Rehema akawa ukungu. Alipoliona lile doa hakutania.

"Vaa viatu," akasema.

Hospitalini daktari, mama wa makamo, alinitia ganzi akakwangua kidogo penye kidonda kwa ajili ya maabara. Akanipa dawa ya matone, kila saa, usiku na mchana. Niliporudi na Rehema kupata majibu, daktari alisema ni bakteria na kwamba dawa imewaweza. Kisha akalimulika jicho.

"Kidonda kimeongezeka," akasema. "Subiri nje kidogo."

Hapo ndipo nilipopotea. Kama wamekufa, nani anakula jicho langu? Nilikaa kwenye benchi nikipiga hesabu. Kidonda kilikuwa kidogo, nikaanza dawa, kikakua. Basi dawa ndiyo inayonila! Au maabara wamekosea. Au si bakteria kabisa. Kila wazo lilionekana sahihi mpaka lifike lingine.

"Wifi, naacha hii dawa," nikamwambia Rehema. "Bora turudie maziwa. Hayo hayakunila."

"Maziwa ni yangu, na sikupi hata tone. Hilo swali lako kamuulize mwenye dawa."

Akanisukuma ndani. Nikamuuliza daktari hukohuko mlangoni, nikilia kwa jicho moja na kutokwa na usaha kwa jingine.

"Umesoma vimeng'enya?" akaniuliza.

"Ndiyo. Vya mate, vya tumbo."

"Hawa bakteria wanavyo vyao. Wanavimwaga kwenye kioo cha mbele ya jicho, vinakimeng'enya kama tumbo linavyomeng'enya nyama. Ukimuua bakteria, alichomwaga kinabaki kinafanya kazi. Na mwili wako, katika kupigana, unaongeza vimeng'enya vyake. Ndiyo maana unaona hali inaharibika wakati tunashinda."

"Sasa nitajuaje kama tunashinda?"

"Leo hutajua. Ukiacha dawa, waliobaki watazaliana, na kioo kikitoboka tutazungumzia kulitoa jicho lenyewe."

Akaniongezea vidonge vya kupunguza nguvu ya vimeng'enya. Nilitoka bado nimechanganyikiwa, lakini nilitia tone. Saa iliyofuata nikatia jingine. Rehema alipokuwa akinyonyesha, alinisukuma kwa mguu kunikumbusha. Taratibu usaha ukakauka, maumivu yakashuka, kingo za kidonda zikaacha kusogea.

Nimebaki na kovu dogo, na taa za magari zinanitawanyikia. Hadi leo sijui bakteria waliingia kwa jani, kwa maji ya ndoo au kwa maziwa. Daktari naye alisema hajui. Namshukuru Mungu, namshukuru yeye, na wifi yangu aliyeninyima maziwa. Wewe ambaye jicho lako limekwaruzwa na sasa linauma, usilitie kitu cha nyumbani, na usisubiri uelewe kwanza. Nenda. Ukipewa dawa, usiiache bila kumuuliza aliyekupa.

Nilipokwenda tena Kisarawe, bibi alinifunika jicho la kushoto kwa kiganja chake, akainua kitu mbele yangu.

"Nini hiki?"

"Ndizi, bibi."

"Mbivu au mbichi?"

Nikatazama, nikawaza, nikatazama tena.

"Wewe mtoto," akasema, "si useme tu unachokiona!"

"Mbivu, bibi. Ina madoa."

Akaimenya, akanipa.