Mkono Juu ya Tumbo la Mgeni

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na mpaka leo inanichanganya.

Nilikuwa mkunga kijana hapa Bunia. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini watu wa makabila yaliyopigana walikuwa bado hawasalimiani. Ukutani mwa wodi ya wazazi tulibandikiwa mwongozo mpya kutoka mji mkuu: mama aliyejifungua asiachwe, tumbo lake lishikwe kila mara ili damu isimwishe, anayesukuma naye asiachwe, jamaa wakae nje. Maneno mazuri, ila aliyeyaandika nadhani alikuwa na wakunga wa kumwaga.

Sisi tulikuwa wawili. Mama Dorika, mkubwa wangu, alikuwa nyuma ya pazia na mtoto aliyetanguliza miguu. Mimi nilikuwa na mama anayesukuma, na mwingine aliyejifungua punde, mkimbizi kutoka kambini, hana ndugu. Mshika mawili moja humponyoka. Nikasimama katikati, namtazama huyu, nausoma ukuta, namtazama yule.

"Weye!" Mama Dorika akanifokea. "Ile karatasi haina mikono! Ita ule bibi iko inje!"

Bibi huyo alikuwa mama mkwe wa yule anayesukuma. Nikamnawisha, nikauweka mkono wake juu ya tumbo la mkimbizi. "Tumbo likilegea, lisugue, na uniite."

Mara mkimbizi akalalamika kwa lugha yake. Bibi akaitambua: lugha ya watu waliomchomea nyumba. Akauondoa mkono. Niliogopa, mwanangu. Nimwambie nini? Lakini kule kichwa cha mtoto kilikuwa kinatokeza. Nikaenda.

Nilikuwa bado nafunga kitovu cha mjukuu wake niliposikia, "Mukunga, kuya mbio! Tumbo inalegea!" Nikamkuta anasugua kwa nguvu zote, damu mikononi, anamgombeza mgonjwa asilale. Tukasaidiana mpaka tumbo likawa gumu tena.

Baadaye nikamuuliza kwa nini aliurudisha mkono.

"Sijue," akasema kwa hasira. "Usiniulize tena." Ndipo akakumbuka kuuliza kama mjukuu wake ni wa kiume au wa kike.

Sasa wewe umepewa kazi ya kuufanya mwongozo huo ufae hospitali zetu. Usimpunguzie mama ulinzi kwa kuwa wakunga ni wachache. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wafundishe jamaa wanaokaa nje na sufuria zao za kuwapikia wagonjwa, wala usiwachague kwa kabila. Kama mkono utarudi hutajua. Wewe uweke tu pale.

Mungu akubariki, na kila mama atakayefika mikononi mwako arudi nyumbani na mtoto mgongoni.